Kuvua kwa jetiski ukitokea Nairobi: kazi inaanzia kwenye maegesho ya ploti

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ana swali moja ambalo huniuliza kila akinikuta nimechuchumaa nikipaka grisi magurudumu ya trela: "Sasa bwana, hii pikipiki ya maji unaenda kuiendeshea wapi, Nairobi Dam?" Hapo watoto wote wa ploti hucheka. Kwa asiyejua, Nairobi Dam ni lile bwawa la upande wa Kibera na Lang'ata ambalo zamani watu walikuwa wakiendeshea mashua za tanga, na ambalo sasa gugumaji limelifunika hata ng'ombe akipita kando anadhani ni malisho.

Namwacha acheke. Ukweli ni kwamba katika safari ya siku tatu ya kuvua, juu ya maji nakaa saa sita hivi, na mambo mengi yanayoamua kama nitarudi na samaki, au kama nitarudi kabisa, huwa nimeyafanya hapa hapa kwenye maegesho, mbele ya jirani huyo. Jetiski ni chombo kidogo. Haina kabati la vipuri wala baharia wa kumtuma. Ulichosahau Nairobi utakikosa ukiwa nyuma ya mwamba wa bahari. Kwa hiyo mwongozo huu umeelemea upande wa maandalizi, na sioni haja ya kuomba radhi.

Uvuvi huu si jambo geni duniani. Watu wa Nyuzilandi, Australia na Afrika Kusini wameuzoea kwa miaka mingi, na kampuni ya Sea-Doo ilitoa jetiski iliyoundwa mahsusi kwa wavuvi, Fish Pro, katika matoleo yake ya 2019: injini ya nguvu farasi 155, tangi la petroli la lita 70, kasha la barafu nyuma na kioo cha kuonyesha kina. Lakini si lazima uwe na hiyo. Jetiski yoyote ya kukalia, ya watu watatu, yenye mgongo mpana wa nyuma, inafaa. Ile ya kusimama waachie vijana wa michezo.

Kwanza, amua maji yapi

Kila mtu wa Nairobi akinunua chombo cha maji hufikiria Naivasha, maana ni kilomita 90 tu. Mimi pia nilifikiria hivyo. Sasa simshauri mtu kuvulia jetiski huko, kwa sababu tatu.

Moja ni kiboko. Ukiwa na mtu anayejua ziwa, ndani ya boti yenye kingo, kiboko unampita kwa adabu. Ukiwa umekaa sentimita chache juu ya maji, injini imezimwa, fimbo mkononi, huna adabu ya kumwonyesha. Pili ni gugumaji. Jetiski haina rafadha inayoning'inia nje kama boti. Inanyonya maji kwa tumbo na kuyatema nyuma kwa kishindo, na hicho ndicho kinachoisukuma. Mdomo huo wa kunyonyea ukimeza mizizi ya gugumaji, chombo kinaguna, hakiendi, na injini inaanza kupata joto. Tatu ni hewa. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na chaja ya kusukuma hewa hupoteza huko karibu moja ya tano ya nguvu zake. Ongeza kwamba ziwa lenyewe ni ardhi oevu iliyo kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar tangu 1995, na ndege wake hawahitaji makelele yetu. Ukitaka kuvua Naivasha, kodi boti na mtu wa pale, mkae kimya, mvue.

Jetiski mahali pake ni Pwani. Mimi huenda Kilifi. Mlango wa hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, una kina pale, kwa hiyo unashusha chombo kwenye maji matulivu ya ndani kisha unatoka baharini bila kupigana na mawimbi ufuoni. Tena huhitaji kuingia Mombasa mjini: ukifika Mariakani unakunja kushoto, unapita Kaloleni, unatokea Mavueni, na Kilifi iko hapo mbele.

Usivue ndani ya mbuga za baharini. Malindi na Watamu zilitengwa mwaka wa 1968, na ndani ya mbuga yenyewe kutupa ndoana ni kosa, hata kama samaki unamwona kwa macho. Angalia mipaka kwenye ramani ya GPS ungali nyumbani, uiweke alama nyekundu.

Pili, chagua siku kwa mwezi wa angani

Hapa ndipo watu wa bara tunapokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tunapanga safari kwa kalenda ya ofisi: Madaraka imeangukia Ijumaa, tunaondoka. Bahari haina habari na Madaraka. Juni na Julai kusi linavuma kwa nguvu, bahari ya nje imechafuka, na hata wavuvi wenye vyombo vikubwa huchagua siku. Miezi ya jetiski ni ile ya katikati ya pepo, matlai, kusi likishapungua kuanzia Oktoba hadi Novemba, halafu tena Februari na Machi kaskazi likianza kuchoka. Hata katika miezi hiyo, upepo huamka kadiri jua linavyopanda. Mimi saa nne asubuhi nataka niwe nimeanza kurudi.

Kisha maji kujaa na kupwa. Pwani ya Kenya tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hufikia karibu mita nne wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo maji hujaa alfajiri, kama saa kumi na moja hivi, na kupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Hebu piga hesabu. Unatoka alfajiri, mwamba umefunikwa, unapita juu yake bila hata kujua upo. Unarudi saa nne na samaki wako, na pale ulipopita sasa kuna ukuta wa matumbawe na mawimbi yanapasukia juu yake. Mkondo nao unatoka kwa nguvu mlangoni, unakutana na mawimbi yanayoingia, maji yanasimama wima.

Maji mafu, siku za nusu mwezi, mambo ni kinyume: maji yako chini alfajiri na yanajaa kuelekea saa nne na saa tano. Kushusha chombo ni kazi zaidi kwa sababu ufuo umekuwa mrefu, lakini kurudi ni raha, na mkondo ni mpole. Kwa mwanafunzi wa uvuvi huu, mimi nasema maji mafu tu, mpaka aujue mlango kama geti la kwao. Jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini linapatikana mtandaoni. Lichapishe, libandike kwenye friji, kisha ndipo uombe likizo.

Tatu, karatasi

Haya nitayapita haraka. Vyombo vidogo vya majini viko chini ya Kenya Maritime Authority, wao ndio wa usajili na ukaguzi. Leseni ya kuvua kwa burudani ni ya Kenya Fisheries Service. Trela lako nalo ni gari mbele ya sheria: lina namba yake, inayoanza na Z, na taa zake lazima ziwake. Na ukifika ufuoni, nenda kwa watu wa BMU, kamati ya wavuvi wa pale, uwasalimu kabla ya kugusa maji. Si kwa ajili ya sheria tu. Hao ndio watakaokuja kukutafuta ukipotea.

Nne, jetiski yenyewe, ungali Nairobi

Anza wiki moja kabla. Betri ichajiwe usiku kucha, kisha iachwe siku mbili na kupimwa tena; betri inayoshuka yenyewe hapa itakufia huko. Angalia oili. Ingiza mkono chini (ufunguo ukiwa mfukoni mwako) upapase mdomo wa kunyonyea maji: wavu uko imara, hakuna kamba, hakuna kokoto iliyokwama kati ya rafadha ya ndani na ukuta wake. Washa injini isikike, lakini isizidi sekunde 15 bila maji.

Halafu vizibo. Nyuma, chini kabisa, jetiski nyingi zina vizibo viwili vya kutolea maji yaliyoingia ndani. Ukishamaliza kuosha unavifungua ili tumbo likauke. Safari yangu ya pili niliviweka juu ya bomba la maji hapo kwenye maegesho, nikasema nitavirudisha. Niliendesha kilomita zaidi ya 500 na vizibo vikabaki vinalinda bomba. Kilifi nikashusha, nikafunga chombo kwenye mti wa gati, nikaenda kuegesha gari. Niliporudi jetiski ilikuwa imekaa chini upande wa nyuma kama mtu mwenye tumbo la kuendesha. Vijana wawili walinisaidia kuivuta hadi kwenye trela, tukakaa tunaangalia maji yakitoka, na mmoja akaniuliza kwa upole kama kule Nairobi maboti hayana matundu. Tangu siku hiyo vizibo nikivifungua navifunga kwa uzi kwenye ufunguo wa gari. Gari haliwaki bila mimi kuvishika.

Sehemu za kusimamishia fimbo si lazima uagize ng'ambo. Nenda Kamukunji na vipimo vyako, mafundi wa jua kali watakuchomelea fremu ya kukaa juu ya kasha la barafu, yenye mabomba mawili yaliyoinama nyuma. Mwambie atumie chuma kisichoshika kutu, na mabomba yawe na mfereji chini maji yasisimame ndani. Fremu isitoboe mwili wa jetiski. Ikazwe kwa mikanda kwenye vishikio vilivyopo. Fundi atakuuliza mara tatu hiyo ni ya pikipiki aina gani. Mwonyeshe picha.

Trela sasa. Zungusha kila gurudumu, sikiliza beringi, zikikoroma, badilisha. Kirinyaga Road utazipata. Beba seti moja ya akiba, grisi, na gurudumu la akiba la trela lenyewe, kwa sababu la gari halitaingia. Kati ya Mtito Andei na Voi usiku si mahali pa kugundua hilo.

Tano, vya kubeba, na vya kuacha

Fimbo ni mbili, basi. Tatu zinachanganya mishipi, na jetiski haina nafasi ya kupangua fundo. Chukua fimbo fupi, kama mita moja na nusu hadi mbili, zenye mshipi wa kubeba kilo 15 hadi 24. Mbele ya chambo weka waya wa chuma wa sentimita 30 hadi 50. Nguru na mzia wana meno ya mkasi. Nailoni tupu wanaikata na huhisi hata mtikisiko. Chambo bandia vinne au vitano vya umbo la samaki, viwili vya kuzama na vilivyobaki vya kuogelea juu. Chubwi za uzito tofauti kwa uvuvi wa chini. Koleo refu la kutolea ndoana, kisu chenye ala kilichofungwa kwa kamba, kulabu yenye kizibo kwenye ncha. Kila kitu kiwe na kamba. Kisichofungwa, kihesabu ni cha bahari tayari.

Upande wa uhai: jaketi la kuokolea linavaliwa muda wote, halikaliwi. Redio ya VHF ya mkononi, isiyopitisha maji, ifungwe kwenye jaketi lako na si kwenye jetiski, kwa sababu ukitupwa unatakiwa utupwe pamoja nayo. Chaneli ya dharura ni 16. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, lakini usiitegemee nje ya mwamba. Firimbi, kioo cha kumulikia, tochi, lita tatu za maji ya kunywa kwa kila mtu, kamba ya kuvutia ya mita 15, na nanga ndogo ya kukunja yenye mnyororo mfupi. Vaa suruali nzito ya kuogelea, ile ya mpira. Hili watu hulipuuza: maji yanayotoka nyuma ya jetiski yana nguvu ya kuingia mwilini na kuchana vya ndani mtu akianguka kwa nyuma, na ndiyo maana watengenezaji wameliandika kwenye kibandiko cha onyo.

Barafu: wiki nzima gandisha chupa za maji za lita moja na nusu kwenye friza. Zinakaa kuliko barafu ya vipande, na zikiyeyuka unakunywa.

Sita, barabara

Ondoka usiku wa manane au saa kumi alfajiri, kabla ya malori ya Mlolongo kuamka. Simama baada ya kilomita 30 za kwanza, kaza mikanda upya, maana hulegea ikishajipanga. Gusa vitovu vya magurudumu ya trela kwa mgongo wa mkono kila usimamapo. Joto la chai ya vuguvugu si kitu. Kikikuunguza, beringi inakufa.

Tangi la jetiski lisijazwe Nairobi. Baridi ya huku na joto la Pwani havipatani, petroli hutanuka na kutafuta njia. Jaza Kilifi, kwenye kituo, jioni ya kufika. Ulale.

Saba, kushusha

Kama gati liko mbali na ulikolala, fika, kisha subiri dakika 20 kabla ya kuzamisha trela. Kitovu chenye joto kikiingia ghafla kwenye maji ya chumvi hunyonya maji ndani, na beringi huanza kuoza kabla hujarudi Athi River. Chomoa plagi ya taa za trela. Kagua vizibo. Fungua kiti, acha tumbo lipumue dakika tano, nusa: ukisikia harufu ya petroli, usiwashe. Funga kamba ya kuzimia injini kwenye mkono au jaketi kabla ya kugusa kitufe.

Kama ni mara yako ya kwanza, siku hiyo usivue. Kaa ndani ya hori. Jiangushe makusudi, kisha panda tena kwa kutokea nyuma, mara tano, ukiwa umevaa kila kitu. Ipindue jetiski na uirudishe. Nyuma kuna kibandiko chenye mshale unaoonyesha izungushwe upande gani, na ukikosea upande unaweza kuingiza maji kwenye injini. Na jifunze jambo hili moja mpaka liingie kwenye mifupa: jetiski haina usukani ukiachia mafuta. Gari ukiona ng'ombe unaachia mafuta na kukata kona. Hapa ukiachia, chombo kinaenda moja kwa moja kuelekea kwa ng'ombe. Ili kikate kona lazima maji yatoke nyuma.

Nane, mlango

Asubuhi yangu ya kwanza Kilifi nilimkuta mzee mmoja akikung'uta maji kwenye ngalawa yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe na hiyo kelele yako mnakwenda wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, pale mbele, nilipoona povu zuri jeupe, nikidhani ndiko njia.

"Huko unakwenda kuuawa, mwanangu. Mlango ni pale maji yalipo meusi na yamenyamaza."

Sijapata somo fupi kuliko hilo. Meupe ni mwamba. Meusi ni kina. Ukifika, simama ndani umbali wa salama, hesabu mawimbi, utaona yanakuja kwa makundi, makubwa kadhaa kisha kunatulia. Vuka wakati wa utulivu, kwa mwendo wa kadiri, omo, yaani pua ya chombo, ikiangalia wimbi, usiruke. Ukishavuka, geuka uangalie nyuma na uweke alama kwenye GPS, pamoja na alama ya macho: mnara, mti mrefu, paa. Kurudi kunafanana na kutoka kwa mtu asiyegeuka tu.

Kabla ya kutoka, mtu wa nchi kavu awe ameandikiwa unakwenda upande gani na saa ya kurudi, na afanye nini saa hiyo ikipita. Na mwende jetiski mbili. Najua ni gharama. Tafuta mwenzako.

Tisa, kuvua

Uvuvi rahisi zaidi ni wa kuburuta chambo, ule wavuvi wa Pwani wanaouita kurambaza. Toa mshipi mmoja mita 20 nyuma, wa pili mita 40, ili visigongane kwenye kona. Nenda kilomita 9 hadi 13 kwa saa, kwa njia ya nyoka, ukifuata ukingo wa nje wa mwamba ambapo kina kinaanguka. Kwenye kona, chambo cha ndani hupunguza mwendo na kuzama, cha nje hukimbia. Mara nyingi samaki hupiga hapo. Angalia juu pia. Ndege wa baharini wakizunguka na kujitupa majini, chini kuna vidagaa, na chini ya vidagaa kuna jodari au kolekole. Usipite katikati ya kundi, utalitawanya. Zunguka pembeni, chambo ndicho kipite ukingoni.

Rili ikilia, punguza mwendo taratibu. Usizime papo hapo, maana mshipi ukilegea ndoana huchomoka na ule wa pili huzama. Mwenzako akunje mshipi wa pili. Kisha geuza omo imwelekee samaki. Hii ndiyo kanuni ninayoishikilia kuliko zote: mshipi usipite nyuma wala chini ya jetiski injini ikiwa inafanya kazi. Ukinyonywa, unajisokota kwenye shafti, na sasa una samaki upande mmoja na injini iliyofungwa pingu upande wa pili. Samaki akikaribia na kuzama chini yako, zima. Kama mshipi umeshaingia, zima, chomoa ile kamba ya kuzimia injini, kata mshipi, ndipo uchunguze. Mkono usiingie pale injini ikiwa hai, hata kwa sekunde.

Uvuvi wa chini, wa chewa na changu, unafaa siku bahari imelala. Tumia ngisi au simu, wale samaki wadogo kama dagaa, kuwa chambo. Nanga hufungwa mbele, kwenye omo, na kamba iwe angalau mara tatu ya kina. Ukiifunga nyuma, wimbi linapanda mgongoni na kukuzamisha kwa nyuma. Mimi napendelea kuelea na mfuko wa turubai wenye umbo la faneli uliofungwa omo. Unashika maji, chombo hakisukumwi haraka na upepo, na omo inabaki ikitazama mawimbi. Kila robo saa inua kichwa uangalie umesogea wapi.

Kulabu iingie nyuma ya kichwa cha samaki, kwa mvuto mmoja, na samaki aende moja kwa moja kwenye kasha. Nguru wa kilo kumi akitua mapajani mwako na chambo chenye ndoana sita mdomoni, utakumbuka maneno haya. Sulisuli mwache. Ni mrefu kuliko nafasi uliyonayo, upanga wake uko sawa na macho yako. Kata waya karibu na mdomo, aende. Kasa akinasa, mtoe ndoana kwa upole, umwachie. Analindwa na sheria.

Petroli: theluthi ya kwenda na kuvua, theluthi ya kurudi, theluthi ya lisilojulikana. Injini ya nguvu farasi 170 ikikimbizwa mwisho hunywa zaidi ya lita 50 kwa saa, kwa hiyo tangi la lita 70 si utajiri kama linavyoonekana likijaa.

Kumi, samaki afike Nairobi akiwa samaki

Mara tu anapopanda, mchinje nyuma ya mashavu damu itoke, kisha kasha. Barafu iliyochanganywa na maji kidogo ya bahari humpoza haraka kuliko barafu kavu, kwa sababu humgusa pande zote. Kwa nguru na jodari hili si suala la ladha pekee. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini mwilini mwao, na histamini haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kutia ndimu. Mtu anakula, uso unawaka, moyo unaenda mbio, halafu mwenye samaki analaumiwa. Mtoe matumbo siku hiyo hiyo, mkaushe, mfunge, mpange juu ya chupa za barafu, na maji yanayoyeyuka yawe na pa kutokea. Jirani wa ghorofa ya tatu hupata kipande cha kolekole. Siku ya kolekole hajawahi kuuliza habari za Nairobi Dam.

Mwisho, chumvi

Osha Kilifi kabla ya kuondoka, usingoje mgao wa maji wa ploti. Mimi niliwahi kufika nikakuta bomba limekauka siku nne, na chumvi haina subira. Mpangilio wa kuosha ndani ni huu, na usiugeuze: washa injini kwanza, ndipo ufungue bomba la maji, ukimaliza, funga bomba kwanza, ndipo uzime injini. Ukifungua maji injini ikiwa imezimwa, yanaweza kupanda kupitia bomba la moshi hadi kwenye silinda. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha jetiski yako. Kisha mwili wote, rili kwa maji yanayochuruzika, si ya presha, trela na springi zake, vitovu, mnyororo wa nanga. Nyunyiza oili ya kuzuia kutu ndani ya tumbo la injini. Angalia vile vipande vya metali vinavyowekwa viliwe na chumvi badala ya chombo. Vikibaki nusu, agiza vipya sasa, si wiki ya safari.

Ukifika nyumbani fungua vitovu vya trela. Grisi ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yaliingia: toa yote, osha kwa mafuta ya taa, kausha, weka mpya. Kiti kiachwe wazi usiku mmoja. Vizibo, kwenye ufunguo wa gari.